Mjane wa Kakakuona

Charambe nzima, pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia barabara ya lami mpaka kule bondeni ambako mvua ikinyesha watu wanavua viatu, hapakuwa na mtoto aliyetolewa nje siku ya arobaini bila mkono wa Bi Najma. Wenye uwezo walimwita, wasio na uwezo walimwita, na wale wanaojitia usomi, wanaosema mambo hayo hawayaamini, walimwita pia, ila walimwomba apitie mlango wa uani. Yeye hakununa. Aliingia kwa mlango huo huo wa uani, akamzindika mtoto, akala pilau yake, akaondoka na siri ya watu kifuani.

Zindiko lake lilikuwa na sifa mpaka Tandika. Mtoto anaogeshwa, ananyolewa, anapakwa wanja, kisha anafukizwa. Kwenye chetezo unatiwa ubani, inatiwa habasoda, na juu yake Bi Najma anakwangua gamba la kakakuona. Kipande kinachobaki kinashonwa ndani ya kitambaa cheusi na kufungwa shingoni mwa mtoto. Kisa chake ni kwamba kakakuona akitishwa hujikunja akajifungia ndani ya magamba yake, na hata simba humgeuzageuza mpaka akachoka akaenda zake. Basi watu wakapiga hesabu yao: mtoto akivaa gamba lile, maradhi nayo yatamgeuzageuza, yatachoka, yataondoka. Hesabu nzuri. Hakuna aliyeuliza mbona gamba halikumsaidia kakakuona mwenyewe siku alipokutana na binadamu mwenye gunia.

Sasa zamu ilikuwa ya mjukuu wa Bi Najma mwenyewe. Lulu, mwanawe wa pekee, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wakampa jina la Somoe, jina la marehemu mama yake Bi Najma, aliyemfundisha kazi. Kabla ya Somoe alikuwapo Fakihi. Huyo alizaliwa Rufiji, ambako mume wa Lulu, Farhan, ni askari wa wanyamapori, na alifariki hata kukaa hajajua. Bi Najma alipouliza kwenye simu, huku akilia, kama mtoto alikuwa amefungwa kinga, Lulu alimjibu kwamba hakuwa nayo. Jibu lile lilimkaa Bi Najma rohoni. Mwanamke ambaye amezindika watoto wa watu wote, mjukuu wake mwenyewe kaondoka bila kinga! Akaapa kwamba huyu wa pili hatatoka mlangoni bila gamba, hata kama mbingu itashuka.

Farhan hakulitaka gamba. Kazi yake ndiyo hiyo, kuwafukuza porini wanaowaua wanyama hao, na mwenzake mmoja walishamzika kwa risasi ya jangili. Alipokuja Charambe kwa likizo alijaribu kusema. Alijaribu, maskini. Aliketi ukingoni mwa mkeka, macho kwenye vidole vya miguu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wazima huko?"

"Wazima, mama. Mama, lile... lile jambo la arobaini. Kazi yangu unaijua."

"Naijua, baba. Mungu akuzidishie."

"Amina, mama," akasema Farhan, akainuka, akatoka nje. Mwanamume anayekabili bunduki za majangili alishindwa na mwanamke aliyekuwa akichambua mchele. Lakini usimcheke. Kwetu Pwani mkwe hambishii mama mkwe wake, na anayembishia hujitafutia jina baya ambalo watoto wake watalirithi.

Lulu naye alijaribu. "Mama, nakuomba, lisiwepo."

"Wee nyamaza. Mara ya kwanza mliachiwa mfanye mtakavyo, tukazika." Mazungumzo yakaishia hapo. Bi Najma akampigia simu Sadallah, yule anayemletea magamba, akamwambia lake limebaki moja tu, litamtosha mjukuu wake, lakini wako wazazi wengine mtaani wanaomsubiri, basi siku hiyo hiyo ya arobaini alete mzigo wa kutosha.

Siku ikafika. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, maulidi yakasomwa, sinia zikapita. Wanawake walijaa uani, khanga zimenyooshwa pasi, harufu ya pilau na udi mpaka kwa jirani. Lulu alikuwa ameketi juu ya mkeka mpya, amepakwa hina, mtoto mapajani. Bi Najma akajisogeza mbele yake na chetezo chake. Makaa yalikuwa yameshika vizuri. Akatia ubani. Akatia habasoda. Akafungua fundo la khanga yake, akalitoa gamba, na wanawake wakapiga vigelegele.

Vigelegele vilikatwa na kilio.

Kilio kilitokea kwenye mlango wa uani, kilio cha msiba kabisa, cha mtu aliyefiwa saa ile. Watu walishika vifua. Akaingia mwanamke amejifunga kaniki nyeusi kuukuu, kichwa wazi, majivu usoni, mikono kichwani. "Uwiii! Mume wangu mie! Mume wangu wamemfanya ubani!"

Walimtambua taratibu, kwa sababu ya majivu. Alikuwa Demetria, Mnyamwezi wa Tabora, muuza dagaa wa soko la Rangi Tatu. Na Mnyamwezi kwa Mzaramo kama Bi Najma ni mtani, utani wa tangu enzi za misafara ya kwenda bara, Wanyamwezi walipokuwa wapagazi. Mtani anaweza kuingia msibani akalala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Anaweza kuja harusini akadai yeye ndiye bibi harusi. Lolote asemalo humezwa, na lolote adailo hupewa au hukombolewa. Ndiyo maana maneno mengine yasiyosemeka, mtu humtuma mtani.

"Mnyamwezi wee, umepotea njia," akasema Bi Najma, tayari midomo inamcheza. "Huku ni arobaini. Mizigo ya kubeba iko bandarini."

"Sijaja kubeba mizigo, Mzaramo mpenda ngoma. Nimekuja kuuchukua mwili wa mume wangu." Demetria akajitupa chini mbele ya chetezo. "Jamani nyie, mume wangu kakakuona alikuwa mpole! Hajanipiga hata siku moja. Hajala mahindi ya mtu, hajaiba kuku wa mtu. Chakula chake mchwa tu. Na nyie leo mchwa wanawala milango, wanawala makabati, mnalia na mafundi kila siku! Aliyekuwaga anawala si ndo huyu mnamfukizia watoto?"

Uani pakaripuka. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akaangusha sahani ya halua. Hata Lulu, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, aliuficha uso nyuma ya mtoto.

"Na hilo gamba mnaliogopa bure," Demetria akaendelea, anapangusa machozi ambayo hayapo. "Ni ukucha tu, mtani. Kama wa mguu wako. Unataka moshi wa ukucha? Vua kiatu, nikukwangue!"

"Haya, basi, basi," Bi Najma akasema, mbavu zinamuuma. "Nakukomboa. Chukua jogoo."

"Sitaki jogoo. Jogoo atanioa?"

"Chukua doti ya khanga, mpya, haijafunguliwa."

"Nitavaa khanga mpya na mume sijamzika? Nipe mwili wake." Akanyoosha mkono kulichukua gamba.

Bi Najma akaupiga ule mkono.

Hakuupiga kwa mzaha. Sauti ya kofi ilisikika mpaka kwenye masufuria, na kicheko chote kikafa. "Utani una mwisho, Demetria," akasema. Alimwita kwa jina, na hilo lilikuwa baya kuliko kofi. Kumkasirikia mtani mbele za watu ni aibu ambayo mtu mzima haifanyi. Wanawake wakatazamana.

Bi Najma akalifumbata gamba. "Najua nani kakutuma. Kakutuma mkwe wangu, na simlaumu, kashindwa kusema mwenyewe. Lakini mie nimefiwa na mjukuu. Nyie nyote hapa watoto wenu nimewafunga kinga kwa mikono hii, wanacheza huko nje, wanavunja vioo vya watu. Wangu akaenda bila kitu shingoni. Huyu siwaachii! Mnicheke, mninunie, siwaachii."

Demetria mwenyewe alibaki amepiga magoti, majivu usoni, hajui aendelee au aombe radhi.

"Mama," akasema Lulu. "Fakihi alikuwa nayo."

Bi Najma akageuka.

"Alikuwa nayo, mama. Ile kinga yangu mie, uliyonifunga nilipokuwa mdogo. Nilikuwa nimeitunza kwenye mkoba. Nilimvisha Fakihi ndani ya fulana ili baba yake asiione." Lulu alikuwa anasema polepole, anamtazama mtoto aliye mapajani. "Alipoanza kuhema vibaya, Farhan alikuwa doria porini. Majirani wakaniambia nimpeleke zahanati. Nikasema kinga anayo, itapita. Nikakwangua kidogo nikamfukiza. Nikakaa naye ndani, nikafukiza tena. Tulipofika hospitali wakasema ni nimonia, na mmechelewa."

"Mbona uliniambia hakuwa nayo?"

"Ningekwambiaje, mama? Ningekwambia alikufa nayo shingoni? Si ungekufa na wewe?"

Bi Najma alilitazama gamba mkononi mwake. Alimwonea mwanawe uchungu kuliko alivyojionea mwenyewe, uchungu wa kujua kwamba binti yake alibeba mzigo huu peke yake ili mama yake aendelee kuitwa kwenye arobaini za watu. Kisha akaona hasira, na hasira yenyewe hakujua ampe nani. Angempa mama yake, aliyemfundisha? Naye alifundishwa. Angempa Sadallah? Sadallah alileta alichoagizwa. Wa kuagiza alikuwa yeye.

Halafu, na hapa ndipo utakapojua kwa nini mwanamke huyu aliheshimiwa, alipiga moyo konde. Hakukimbilia chumbani kulia. Aliinuka, akaivua khanga ya mabegani, akajitanda kichwani kama wafiwa wanavyojitanda, akapiga magoti mbele ya Demetria na kumwekea gamba katika mikono yote miwili.

"Mtani," akasema, "mchukue mumeo. Nimemkalia vya kutosha. Na kofi langu nisamehe."

"Nimekusamehe, mtani," Demetria akasema, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli, yanachora mistari kwenye majivu.

Bi Najma akageukia watu. "Mnanitazama nini? Hamjui msiba nyie? Leteni jembe!"

Jembe likaletwa. Kaburi lilichimbwa pembeni mwa uani, karibu na ukuta wa choo, maana kwingine kulikuwa na meko. Gamba likafungwa kwenye kipande cha bafta nyeupe. Bi Najma alilipeleka mwenyewe, Demetria nyuma yake akiomboleza sifa za marehemu, na wanawake wote wakafuata wakiitikia, nusu wanacheka, nusu wanalia. Lulu alilia kabisa. Alimlilia Fakihi kwa sauti, kitu ambacho hakuwa amefanya mbele za watu tangu alipomzika, na wanawake wawili wakamshika huku na huku kama inavyopasa kumshika mfiwa. Aliyeandaa mzaha ule hakutarajia ungefika hapo. Ulifika, na ulifaa.

Kabla udongo haujarudishwa, mama mmoja kijana alimwita mwanawe, akamfungua kile kitambaa cheusi shingoni, akakitupia kaburini. "Kamfuate mwenzio," akasema. Mwingine akafungua cha wake. Kisha wakawa wanasukumana. Bibi mmoja tu aligoma, akasema cha mjukuu wake hakifunguliwi na mtu, akaketi zake kula. Hakulazimishwa. Kaburi likafukiwa, likamwagiwa maji, na wote wanajua kwamba kilichozikwa kwa kilio hakirudi tena jikoni.

Wakati ule ule Sadallah akapiga hodi. Kanzu nyeupe, kofia ya kiua, gunia dogo mkononi. Aliingia kwa mlango wa uani kama ada yake, akakuta wanawake wamezunguka udongo mbichi.

"Karibu, shemeji!" Demetria akamdaka. "Umetuletea miili mingine?"

Sadallah akacheka kicheko cha mtu asiyejua anachekea nini. "Bi Najma, mzigo wako huu. Safari hii makubwa makubwa."

"Mzigo wangu umeshazikwa, Sadallah," akasema Bi Najma. "Siutaki. Leo siutaki na kesho siutaki."

"Bi Najma, una utani wewe."

"Utani umekwisha sasa hivi, umeukosa kidogo tu. Sikiliza. Na nyie nyote sikilizeni, maana siku nyingine nitaitwa makwenu. Mie gamba sichomi tena. Atakayenunua gamba, atafute na mwanamke mwingine wa kumtolea mwanawe nje."

Hilo ndilo lililomaliza biashara. Sadallah aliwageukia wale wengine, akajaribu kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti wao ni wajanja, wanajua kitu kizuri, atawapunguzia. Wanawake wakamtazama kama wanavyomtazama muuza samaki ambaye samaki wake wamelala. Mmoja akaziba pua. Mwingine akaanzisha wimbo, papo hapo, wa kumpa mjane pole, na uani mzima ukapokea kwa makofi, wakimsogelea Sadallah hatua kwa hatua. Akaona mlango wa uani umejaa watu. Akapenya ndani ya nyumba atokee mbele, na huko mbele, chini ya turubai, ndiko Farhan na wenzake wawili wa kazini walikokuwa wakila pilau.

Walimwuliza tu amebeba nini. Magamba yale ni nyara za serikali, hayashikwi bila kibali, na nyara hazina maelezo mengi, na Sadallah hakuwa nayo hata hayo machache. Walinawa mikono, wakamchukua na gunia lake mpaka kituo cha polisi, wimbo ukimsindikiza mpaka kona ya duka. Baadaye Farhan alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kwa sheria hata yale yaliyozikwa yalifaa kukabidhiwa. Demetria akamwambia aende akayafukue mwenyewe, mbele ya mjane. Hakwenda.

Arobaini ikaendelea. Bi Najma alikiwasha upya chetezo, ubani na habasoda peke yake, akampitisha Somoe juu ya moshi mwembamba, akamfunga mvuje wenye harufu kali kwenye kifundo cha mkono kama ilivyo desturi. Kisha akambeba kuelekea mlango wa mbele. Aliogopa. Aliogopa waziwazi. Alizoea kuukanyaga mlango ule akiwa na uhakika, na leo uhakika ulikuwa chini ya udongo karibu na choo. Akavuka kizingiti. Jua la alasiri likampiga mtoto usoni, mtoto akakunja uso na kupiga chafya, na vigelegele vilivyotoka mle ndani viliwafanya watu wa mtaa wa pili watoke nje kuuliza kuna nini.

Farhan alikuwa amerudi kutoka kituoni, amesimama, macho chini. Bi Najma akamfuata mpaka alipo, akamtia mtoto mikononi.

"Nitazame, baba," akasema. Farhan akamtazama. "Mtoto huyu akikohoa tu, mie usiniite. Hospitali kwanza. Mie nitakuja baadaye na uji."

"Sawa, mama," akasema Farhan, na akacheka, na mama mkwe wake akacheka naye.

Wapo waliosema Bi Najma hataitwa tena. Waliitwa wao kumsaidia. Arobaini zikazidi, maana kila mtu alitaka lile zindiko jipya lenye mtani na nyimbo. Demetria akawa haingii sokoni siku za Jumapili, anahitajika. Majina ya mitaa yakaongezeka, Mbagala Kuu, Yombo, mpaka Mabibo ng'ambo ya jiji, na kotekote Bi Najma alifika na chetezo chake, akamwuliza mzazi kwanza kama mtoto ameshapelekwa kliniki. Aliyekuwa hajampeleka, shughuli ilimsubiri.

Siku moja alikuja mwanamke mgeni, kaja kwa gari kutoka Wazo, miwani ya jua hata ndani. Akataka wazungumze faragha. Mwanawe hanenepi, analia, ameambiwa Bi Najma zamani alikuwa na dawa ya gamba, na anajua lazima amebakiza kidogo mahali. Yuko tayari kwa lolote.

Bi Najma alikuwa amempakata Somoe. Hakumkaripia yule mwanamke, kwa kuwa aliijua hofu ile kuliko mtu yeyote wa Dar es Salaam.

"Mwanangu, gamba lingekuwa dawa, nisingekunyima," akasema. "Mjukuu wangu wa kwanza alikufa nalo shingoni. Huyu hajawahi kuligusa, na asubuhi hii kaning'ata kidole mpaka nimepiga kelele."

Somoe akacheka, akayaonyesha meno yake mawili. Mgeni akavua miwani, akamtazama mtoto, kisha akauliza kama hospitali ya karibu bado wapo saa hizi. Bi Najma akamfunga Somoe mgongoni, akampeleka mwenyewe.